Bibi wa Kwenye Pakiti ya Ulezi

Juni 3

Tumefika. Mume wangu amepunguzwa kazini, na kiwanda cha uchapaji nilikosahihisha makosa ya watu kwa miaka kumi na minne kimefungwa. Sasa sisi wawili, watu wazima wenye meza ya kioo na seti ya vikombe, tunalala katika chumba alicholala mume wangu alipokuwa na miaka tisa. Mama mkwe alitupokea mlangoni. Akamwuliza mwanawe kama amekula. Kisha akanitazama mimi, akatazama viatu vyangu, akasema mavuno yanaanza wiki ijayo. Salamu yangu ndiyo hiyo.

Nimenunua daftari hili ili ninayoyafikiria yasitoke mdomoni. Nadhani litajaa upesi.

Juni 5

Ulezi asubuhi, ulezi jioni. Tunakunywa uji, kisha tunazungumza juu ya uji.

Juni 9

Kukata ulezi hakuhitaji akili, kunahitaji mgongo. Unashika suke, unalikata kwa kisu kidogo, unalitupa kikapuni, unainama tena. Mama mkwe ana miaka sabini na moja, na alimaliza mistari mitatu nikiwa bado kwenye wa kwanza. Hakunicheka. Angenicheka ningemheshimu zaidi. Alirudi kwenye mstari wangu akaanza kuokota masuke niliyoyaruka, moja moja, kimya, kama mtu anayefuta pua ya mtoto asiye wake.

Mume wangu alibeba vikapu viwili, kisha mgongo ukamwuma. Amejaliwa mgongo unaojua saa.

Wifi alikuja kutazama kazi. Ni dada mkubwa wa mume wangu, anakaa nyumba ya pili, na ni katibu wa kikundi cha wakulima wa ulezi. Hawezi kusema sentensi tatu bila kukumbusha hilo. Amesema keshokutwa anakuja Afisa Masoko wa kampuni ya unga na wote tuwe wasafi. Alinitazama aliposema hivyo. Katika umati wa watu waliokuwa na udongo hadi kwenye nyusi, akanitazama mimi.

Juni 11

Afisa Masoko ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ana viatu vyeupe, na kila neno lake la tatu ni "asilia". Nafaka asilia, maisha asilia, watu asilia. Nimembatiza Bwana Asilia, na mume wangu, ambaye hucheka utani wa kila mtu, alicheka.

Alikusanya kikundi kizima kwenye ukumbi wa shule akawaeleza wakulima ulezi ni nini. Kwamba una madini ya chuma na ya kujenga mifupa, kwamba unavumilia ukame na hauchoshi ardhi. Kwamba watu wa mijini, waliochoka kuugua sukari, wameugundua. Mama mkwe akauliza ulikuwa umepotelea wapi. Ukumbi ulicheka, naye Bwana Asilia akacheka pia, akaandika kitu kwenye simu yake. Nadhani ndipo alipomchagua.

Mambo mawili aliyoahidi ni haya: kampuni itanunua ulezi wote wa kikundi mavuno yakiisha, na picha ya mmoja wao itawekwa kwenye pakiti. Ile ya kwanza ilipigiwa makofi. Ya pili ilipigiwa makofi zaidi. Watu ni wepesi kuvishwa kilemba cha ukoka, hata wanaokata majani kila siku.

Juni 13

Leo wamempiga picha mama mkwe. Walikuja na kinu na mchi ndani ya gari. Mama mkwe akawaambia yeye hupeleka ulezi kwenye mashine ya kusaga, miaka arobaini sasa, na kinu hicho hakikuchimbwa kina cha kutosha kutwangia. Mpiga picha akamwambia ni kwa ajili ya picha tu. Akaombwa avue sweta. Akavua. Avue saa ya mkononi. Akavua. Avue miwani, maana inaleta mng'ao. Bila miwani mama mkwe hatofautishi mlango na dirisha. Akavua, akaipakata, akatazama pale alipoambiwa kuna kamera, akatabasamu.

Nilimdharau kwa kukubali. Ananikemea nikikunja shuka vibaya, halafu mtu wa viatu vyeupe anamvua vitu kimoja kimoja kama mwanasesere.

Wakati wanapakia kinu chao, wifi alimweleza Bwana Asilia kwamba mimi nilikuwa kwenye vitabu. Akaja mbio. Anahitaji maneno ya pakiti, na akaongeza kwamba biashara ikishika, ofisi yao ya mjini itahitaji mtu wa maneno, mwenye meza yake.

Juni 14

Nimekaa kibarazani na kalamu asubuhi moja, nimemaliza. Sentensi niliyoipenda ni hii: "Kila punje imelimwa, imekatwa na kupepetwa kwa mikono ya Bibi na wenzake, katika mashamba yasiyojua mashine wala dawa." Kuhusu dawa, nilimwona wifi kwa macho yangu akiwa na bomba la kupulizia mgongoni. Lakini sentensi ina mwendo mzuri. Bwana Asilia ameijibu kwa picha tatu za mikono inayopiga makofi.

Meza yangu, mjini. Nimeshaichagulia upande wa dirisha.

Juni 20

Tumemaliza kukata. Masuke yameanikwa juu ya maturubai, kila nyumba na uwanja wake. Lori la kampuni linakuja tarehe 24.

Juni 24

Lori halikuja. Wifi amesema ni kesho.

Juni 25

Ni kesho.

Juni 26

Mawingu upande wa milima. Mama mkwe alisimama uwanjani akinusa kama mbwa wa polisi, akasema tuyaingize masuke ndani. Wifi akasema Bwana Asilia amempigia simu mwenyewe, lori limeshatoka, na masuke yakisongamana ndani yatachelewa kukauka. Msimu huu hakunyeshi. Kila mtu anajua hakunyeshi. Nilikuwa upande wa wifi, kwanza kwa sababu alikuwa na hoja, pili kwa sababu mahali pekee penye nafasi ni chumbani kwetu.

Tumeyaingiza chumbani kwetu. Vikapu sitini na viwili. Nilivihesabu kwa hasira.

Juni 27

Mvua.

Juni 28

Mvua. Tunalala na masuke hadi chini ya kitanda, na mama mkwe huingia bila kubisha hodi kuyageuza ili yasivunde. Anayageuza kwa mikono, kikapu hadi kikapu, mara nne kwa siku. Nilijifanya nimelala, kisha nikachoka kujifanya, nikainuka nikageuza vya upande wangu.

Juni 30

Mvua. Turubai la wifi limejaa maji katikati kama beseni. Alikuwa anayachota kwa sufuria, peke yake, kilemba kimelowa. Mume wangu alisema maskini dada. Alisema akiwa kitini.

Julai 1

Mvua. Hakuna aliyemtaja Bwana Asilia leo.

Julai 5

Jua. Uwanja mzima unanuka kama nguo zilizosahaulika ndooni.

Julai 8

Tumepura kwa fimbo siku mbili, juu ya sakafu ya saruji. Mama mkwe aliifagia mara tatu, akaipiga deki, akaifagia tena. Ulezi ni mdogo kama kichwa cha pini, na mchanga ukishaingia hautoki. Nimemwomba ungo nijaribu kupepeta. Akasema nipumzike. Sijawahi kufukuzwa kwa upole kiasi hicho.

Julai 12

Lori limekuja, siku kumi na nane baada ya ahadi. Bwana Asilia alikuwa na mkaguzi, mtu mwembamba mwenye chekecheke na kifaa cha kupimia unyevu. Wakulima ishirini na watatu walipanga magunia barabarani tangu alfajiri. Mkaguzi alichoma kila gunia kwa kijiti chenye tundu, akamimina punje kiganjani, akazipima, akatikisa kichwa. Unyevu. Unyevu. Harufu. Mchanga. Unyevu. Hakuinua macho kumtazama mwenye gunia hata mara moja. Kazi yangu ya zamani ilikuwa hiyo hiyo, na sikuwahi kujua kwamba inatazamika vibaya hivyo.

Magunia ya wifi yalikataliwa yote, mengi kwa harufu, machache kwa mchanga. Alisema, kwa sauti yake ya ukatibu, kwamba alianika nje kwa sababu aliambiwa lori limetoka. Bwana Asilia akamjibu kwamba kampuni haiwezi kuwajibika kwa hali ya hewa.

Ikafika zamu ya mama mkwe. Mkaguzi akapima, akapima tena. Mkavu. Akachekecha. Hakuna mchanga. Akanusa. Kisha akaukunja uso akamwonyesha Bwana Asilia: punje nyingine nyekundu iliyokolea, nyingine hudhurungi. Mama mkwe hupanda aina mbili pamoja, moja inavumilia kiangazi na nyingine inazaa sana, ili mwaka wowote asikose vyote. Bwana Asilia alieleza, kwa masikitiko mengi, kwamba wateja wa pakiti wanataka unga wa rangi moja.

Gunia kumi na moja. Yote.

Mama mkwe hakubishana. Mkaguzi alikuwa bado ameshika zile punje kiganjani, anatafuta pa kuzitupa. Mama mkwe akasogeza kopo, akamwekea chini ya mkono, akangoja. Yule mtu akazimimina. Mama mkwe akachungulia kiganja chake kuhakikisha hakuna iliyobaki, akarudi na kopo lake ndani.

Kati ya wakulima ishirini na watatu, wamenunua kwa wanne. Dereva alimwambia mume wangu wala tusihangaike kuionea huruma kampuni: pakiti zimeshajazwa tangu mwezi uliopita, kwa ulezi wa shamba moja kubwa la trekta, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Mume wangu akanisimulia, akamalizia kwamba biashara ndivyo ilivyo. Nilimtazama mtu niliyeolewa naye nikaona kwamba ningeweza kuandika juu yake ukurasa mzima wa dharau, nikaona uvivu. Aliyeiandika ile sentensi si yeye.

Julai 19

Wifi ameleta pakiti sita, zawadi ya kampuni. Mama mkwe yuko mbele, anatabasamu na mchi mkononi, macho yake yametazama pembeni kidogo ya msomaji. Wanunuzi watadhani ni haya. Ni upofu.

Jioni aliniita kibarazani. Akanipa pakiti moja, akasema herufi ni ndogo, nimsomee.

Nikasoma jina la unga. Nikasoma uzito. Nikasoma maelezo ya kupika, yote, polepole, hata joto la maji. Nilipofika kwenye sentensi yangu nikasema, "Unga safi wa ulezi kwa afya ya familia," nikageuza pakiti kama mtu aliyemaliza.

"Umeruka," akasema.

Nikamwambia ndiyo yaliyoandikwa.

"Jirani alinisomea asubuhi, mara mbili. Mashamba yasiyojua mashine. Mikono ya Bibi na wenzake. Nilitaka kusikia wewe utayasomaje."

Akaniuliza nani aliyaandika, na sauti yake haikuwa na ukali, ndiyo maana nilishindwa kudanganya. Nikamwambia ni mimi.

Akapitisha kidole juu ya pakiti, pale penye uso wake.

"Nilikuona siku ile umekaa hapa na kalamu," akasema. "Nikadhani unamwandikia mama yako. Nikawaambia watu wasipige kelele."

Akainuka, akaingia kuwasha jiko. Nimesahihisha makosa ya watu miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kunirudishia kazi yangu hivyo.

Julai 21

Bwana Asilia amepiga simu. Uzinduzi ni tarehe 26, kwenye ukumbi wa hoteli mjini, na gari litatufuata. Niandike sentensi tatu fupi za Bibi kuwasalimu wageni. Na meza yangu, amesema, ni kama imeshapatikana.

Nilidhani mama mkwe atakataa kwenda. Akasema amealikwa, atakwenda.

Julai 22

Nimeandika sentensi tatu. Nimechana.

Julai 24

Mimi na mama mkwe hatusemeshani zaidi ya chumvi na maji.

Julai 26

Nayaandika haya usiku.

Ukumbi ulikuwa na vitambaa vyeupe, mabango yenye uso wa mama mkwe mkubwa kuliko mlango, na meza ndefu ya biskuti za ulezi. Wageni walikuwa wenye maduka makubwa, watu wa lishe waliokula biskuti mbili mbili wakizungumzia kiasi, na waandishi wa habari. Wifi alikuwa amekaa safu ya mbele, ameahidiwa uwakala. Mama mkwe alivaa sweta yake, saa yake na miwani yake. Bwana Asilia akamwomba kwa tabasamu avue miwani, ili watu wamtambue. Akajibu kwamba hataona ngazi.

Hotuba zilikuwa nne. Neno "mkulima" nililihesabu mara thelathini na moja, nikaacha.

Kisha akaitwa yeye. Alipanda, akashika kipaza sauti kama anashika suke, akawasalimu wakubwa kwa wadogo. Akasema:

"Huyu kwenye pakiti ni mimi. Ulezi uliomo ndani simjui aliyeulima, na sina ubaya naye. Wangu uko nyumbani, gunia kumi na moja. Waliukataa kwa sababu ya rangi. Sikutaka mtu anunue kwa ajili ya uso wangu halafu aje aniulize."

Akarudisha kipaza sauti.

Bwana Asilia alikuwa mwepesi, lazima nimpe hilo. Akamshika mama mkwe bega, akawaambia wageni kwa upole kwamba Bibi amechoka na safari, na kwamba umri nao una mambo yake, anachanganya msimu huu na mwingine. Watu wakaanza kutabasamu kwa huruma. Niliona huruma hiyo ikipita safu hadi safu, na nikaona mama mkwe akitafuta pa kushika. Kisha Bwana Asilia akanigeukia. "Mkwe wake yuko hapa," akasema. "Anaishi naye. Dada, tusaidie tu kuwaeleza wageni."

Wifi alinitazama. Mume wangu alitazama biskuti.

Nikasimama. Nilidhani dharau niliyoiweka akiba tangu Juni ingenipa maneno makali, maana ninayo mengi. Hayakuja. Nikasema, "Hajachanganyikiwa. Yaliyoandikwa kwenye pakiti niliyaandika mimi, kabla ulezi haujamalizwa kukatwa, na si kweli."

Nikakaa.

Gari lililotuleta halikutusubiri. Tulipanda basi la jioni. Mama mkwe alikaa dirishani, akitazama nje hadi karibu tunashuka. Akaniambia sauti yangu ilikuwa ndogo, watu wa nyuma hawakusikia vizuri.

Julai 28

Kampuni imemwarifu wifi kwamba msimu ujao itanunua kwingine. Uwakala hakuna. Wale wanne walionunuliwa ulezi hawatusalimii, na wale waliokataliwa pamoja nasi hawatusalimii pia, jambo ambalo sikulitarajia. Wifi alisimama mlangoni akaniambia kwamba nilikuja na viatu vya mjini na nitaondoka navyo, wao watabaki na magunia. Alikuwa amesema kweli tupu.

Mume wangu alikubaliana naye. Jioni akakubaliana na mama yake. Bendera hufuata upepo, lakini hata bendera hufungwa kwenye mlingoti mmoja.

Agosti 2

Hakuna jipya.

Agosti 5

Amekuja mwanamke mnene mwenye gari bovu, mikono yake ina alama za kuungua hadi kwenye viwiko. Ni mwokaji, mwenye duka la mikate mjini. Zile biskuti za uzinduzi alizioka yeye. Alisema alisimama nyuma ya ukumbi, hakunisikia vizuri, ila kumsikia Bibi alimsikia. Mama mkwe alinitazama kwa upande.

Hakutaka hadithi. Aliomba bakuli na maji. Akatia konzi ya ulezi, akazungusha, akamwaga taratibu, akapapasa chini kwa ncha ya kidole. Akarudia kwa gunia lingine, na lingine. Akatafuna punje. Nikamwuliza kuhusu rangi, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mlevi. Mkate ukishaiva, akasema, wote ni kahawia. Kuhusu afya akasema wateja wake hununua mkate wa ulezi ili wawe na haki ya kuupaka sukari.

Nimempenda sana huyu mwanamke. Anawadharau wateja wake kweli kweli, na anawaokea vizuri.

Amechukua gunia sita, na atarudi kwa matano yaliyobaki. Amesema wa wengine pia atautazama, mradi usiwe na uvundo wala mchanga, maana jiwe moja kwenye jino la mteja linamfungia duka. Mama mkwe akanituma nipite nyumba kwa nyumba kuwaambia. Nikasema hawatanifungulia. Akasema basi niwaambie dirishani.

Agosti 6

Nyumba kumi na nane. Kumi na mbili walifungua. Kwa wifi nilisemea dirishani.

Agosti 10

Wifi amekuja na magunia matatu kwenye toroli. Yaliyovunda ameyafukia, hakuyapa hata kuku. Haya matatu ni ya masuke aliyowahi kuyaingiza ndani, hayakupatwa na maji. Hakunisalimu. Alimwambia mama yake, mimi nikiwa hatua mbili kutoka hapo, kwamba anataka yatazamwe. Mama mkwe akasema macho yake hayafai kwa kazi hiyo, akanielekezea kidevu, akaingia zake ndani.

Nikaleta bakuli. Nikazungusha maji, nikamwaga, nikapapasa. Mchanga. Nikarudia, kwa haki, mara tatu. Kila mara mchanga ulibaki chini, mwembamba, unang'aa. Wifi alikuwa anatazama kidole changu. Miezi miwili iliyopita ningetoa mwaka wa maisha yangu kuipata nafasi hii, yeye kimya, mimi na ushahidi. Nikamwambia ulezi una mchanga. Nikamwambia pia kwamba mchanga wenyewe si mwingi, na kwamba leo kuna upepo.

Kisha akaenda kwao akarudi na nyungo mbili.

Tulipepeta tangu asubuhi hadi jua likawa usawa wa ukuta. Yeye gunia mbili, mimi moja, na nusu ya hilo langu aliirudia. Vumbi liliniingia machoni, puani, kwenye nywele, nikawa napepesa na kupiga chafya kama paka, wala sikusimama. Tulipofika nusu ya gunia la mwisho, bila kuinua uso, wifi akasema:

"Umekaa upande mbaya wa upepo."

Nikahama.